Kikohozi cha Jikoni

Nakumbuka asubuhi moja, kabla sijafungua macho, nikisikia kifua cha Mama kikipiga mluzi. Yeye hakuwa anapiga mluzi, alikuwa anachochea moto tu. Sauti ile nyembamba naijua hata leo, mwanangu, ingawa nyumba hii sasa nimo peke yangu.

Tulikaa mlimani juu ya Wundanyi, miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, msichana wa kucheka ovyo, nikiota kuwa mtangazaji wa redio. Mahindi tuliyaweka darini juu ya meko, moshi uyakaushe na kufukuza fukusi, kwa hiyo jiko halikuwa na dirisha. Mama aliishi ndani ya moshi ule, akawa anakohoa. Lakini jirani yetu naye alikohoa, na yule wa ng'ambo ya kijito pia. Karibu kila nyumba ilikuwa na mwanamke wake wa kukohoa. Tukakiita kikohozi cha jikoni, tukaona ndiyo hali ya mwanamke mchapakazi.

Basi wauguzi wakaja uwanja wa shule kupima vifua. Unapuliza kwenye kibomba, mshale unaonyesha nguvu ya pumzi yako. Uvumi ukawatangulia: atakayeonekana mgonjwa atapelekwa wodi ya mbali, asirudi. Niliogopa kubaki bila Mama. Nesi alipopita nyumba kwa nyumba kuita watu, nikamzibia mlango.

"Mama yuko?"

"Ameshuka Voi, sista."

Ndani, Mama akashindwa kujizuia, akakohoa.

"Na huyo je?"

"Huyo ni mbuzi."

Nesi alinitazama, akatabasamu. "Haya, mwambie huyo mbuzi niko uwanjani mpaka saa kumi. Hakuna wa kumchukua. Ni kupuliza tu, arudi apike."

Mama alicheka mpaka akakosa pumzi, akashika ukuta. "We mtoto! Yaani mimi mbuzi?" Tukacheka wote wawili. Saa kumi ikapita, hatukwenda.

Miaka minne baadaye alikuwa hawezi kupanda kutoka kijitoni bila kuketi mara tatu. Daktari alisema mapafu yamebanwa na moshi wa miaka mingi, na kilichoharibika hakirudi. Mngekuja mapema, akasema, tungemtoa kwenye moshi, tungempa dawa za kumsaidia. Wala hakupelekwa mbali. Alilala kwa kuketi, ameegemea mgongo wangu, mpaka mgongo wangu ukabaki bila mtu.

Mwanangu, usiseme ni kawaida kwa sababu jirani naye anakohoa. Ukiona mtu wako anapumua kwa mluzi, au anapumzika njiani pale alipokuwa hapumziki, mpeleke apimwe angali anatembea. Jiko lenu lipate hewa. Na usimfiche kwa mapenzi, kama mimi nilivyomficha wangu. Mungu akupe kifua chepesi, akuachie na wazee wako mpaka uzichoke hadithi zao.

Wiki moja baada ya mazishi nilishuka hospitalini, nikaketi kwenye benchi.

"Nani mgonjwa?" muuguzi akauliza, akitafuta mtu nyuma yangu.

"Hakuna," nikasema. "Nimekuja kupimwa."