Ndoto Niliyoitangaza Bombani

Ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, mimi msichana wa Kawajense, zimebaki wiki tatu niolewe na Kasiano, fundi seremala. Niliamka nimeota harusi yangu. Hata uso sijanawa, nikabeba ndoo mbio bombani kuitangaza!

Wanawake pale waliacha kuchota. Mmoja akatua ndoo yake, akasema, "Mdogo wangu, ukiota harusi, huo ni msiba. Huyo mwanaume atakufa."

Nawe unajua maneno ya bombani yanavyokimbia. Kabla ya saa sita mama yake Kasiano alishasikia, na jioni wazee wao wakatuma mtu kusema harusi isimame kwanza mpaka watakapoelewa. Kasiano mwenyewe, mwanaume mzima, akaanza kuogopa msumeno wake. Nilimpenda yule kijana, jamani. Nililia mpaka macho yakavimba, nikaamua nimwache ili aishi.

Baba akanipeleka Magamba kwa dada yake, Shangazi Tekla, nikamsaidie kuvuna karanga na kutuliza akili. Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Nilipomweleza yote aliuliza kitu kimoja tu.

"Humo ndotoni ulikuwa unaogopa?"

Nikajaribu kukumbuka. "Hapana, Shangazi. Nilikuwa nacheza."

"Sasa hiyo hofu umeipata wapi?"

"Bombani."

"Basi warudishie wenyewe. Nyie watoto mnaamka na kuropoka kabla ndoto haijatulia. Umeota wewe, halafu unamwuliza mtu ambaye hakuwemo!"

Akanifundisha. Nikiamka nisigeuke, nisiseme na mtu, nisifumbue macho haraka. Nibaki kwenye ubavu uleule, nishike kile cha mwisho nilichokiona, kisha nirudi nyuma polepole. Na kwanza kabisa nijiulize moyo wangu ulikuwaje humo ndani.

Ndoto ikaanza kunirudia vipande vipande. Asubuhi ya kwanza sikupata kitu zaidi ya sauti ya mchele ukipepetwa. Ya pili nikamwona mwanamke ameketi nje ya uzio wa harusi, kanipa mgongo, na mimi huku nacheza kila mara namtupia jicho. Ya tatu, mwanangu, nilikaa wima kitandani nikapiga kelele! Yule mwanamke alikuwa anachagua mawe kwenye mchele kwa mkono wa kushoto. Nilimjua mtu mmoja tu wa hivyo: dada yangu Dafroza, ambaye mama alimkaripia kwa ajili ya mkono huo mpaka akachoka mwenyewe.

Mama alipofariki, Dafroza alichukua ungo wake akaenda nao Karema, alikoolewa. Ungo ule niliutaka mimi. Nikamtolea maneno mabaya mbele za watu, kwamba asikanyage popote nitakapokuwa. Tangu hapo hatukuonana, na harusini sikumwalika. Mchana nilijifanya nimemsahau, kumbe usingizini namtafuta.

"Nimeelewa, Shangazi!" Nilirukaruka shambani mpaka karanga zikamwagika, naye akacheka mpaka akaketi chini. Kesho yake nikapanda lori la Karema, juu ya magunia, vumbi mpaka masikioni, moyo ukinidunda kwa furaha na woga pamoja.

Nilimkuta ufukweni anaanika dagaa. Akaniona, akaendelea kuanika.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kukuita harusini."

"Marahaba. Habari nilizipata. Nikasema, asiponifuata mwenyewe siendi, hata wakinitumia gari." Kisha akanyoosha ule mkono wa kushoto, unanuka dagaa, akanivuta kifuani. "Ungo nimekutunzia. Panya kautoboa kidogo pembeni."

Tulilia na kucheka kwa pamoja, na wanawake wengine ufukweni wakapiga vigelegele bila hata kujua kisa.

Baba aliwapelekea wakwe ndoto nzima badala ya kile kipande cha bombani, nao wakalegea. Tukaoana siku ileile iliyopangwa. Dafroza alikuwa ndani ya uzio, mbele kabisa, na mchele wa sherehe yote aliuchagua yeye. Na yule aliyetabiriwa kufa? Huyo hapo nje, anadai chai yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiamka usikimbilie simu wala majirani. Tulia na ndoto yako kwanza. Sisemi kila ndoto ina jambo. Nyingine ni maharage ya jana tu. Lakini mtu ambaye hakuwemo asikuchagulie cha kuogopa. Na ukimwona mtu wako ameketi nje ya uzio, usingoje aje. Mfuate.

Mungu akujalie usingizi mzito na asubuhi zisizo na haraka, na wote unaowaota awaweke mahali ambapo lori bado linafika.