Fomu ya Maumivu ya Sungura

Niliusikia kabla sijawasha taa: mkwaruzo mdogo, mkavu, kama wa mtu anayesaga mchanga kati ya vijiwe viwili, ukitoka nyuma ya taulo lililofunika kizimba cha chini. Ukakatika. Ukaanza tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni, koti langu bado limelowa theluji, na nikafurahi, kwa sababu nilidhani sungura anakula.

Fomu ilining'inia kwenye ndoano pale pale mlangoni. Nikaitoa, nikajaza mstari wa saa moja asubuhi kwa mwanga wa korido: macho sifuri, mashavu sifuri, pua sifuri, masharubu sifuri, masikio sifuri. Pembeni nikaongeza "anakula nyasi", nikatia saini. Ndipo nikawasha taa. Nayaandika kwa mpangilio huo kwa sababu nimejaribu mara nyingi kuyakumbuka kwa mpangilio mwingine, nimeshindwa.

Ilikuwa kliniki ndogo ya wanyama huko Annandale, Marekani, imebanwa kati ya mgahawa wa Kikorea na duka la vitambaa. Kazi yangu ilikuwa ya asubuhi: kubadilisha trei, kufua mataulo, kuwashika wanyama daktari anapowachoma sindano. Aliyenitafutia kazi hiyo alikuwa mwanamke Mtanzania wa makamo niliyemwita mama mkubwa, ingawa hatukuwa na undugu. Nililala sebuleni kwake Greenbelt na nilikula chakula chake. Yeye alishika zamu ya jioni mpaka asubuhi pale pale kliniki, kisha akavua sare moja na kuvaa nyingine, akaenda kumhudumia bibi mmoja mgonjwa nyumbani kwake. Usingizi aliuiba palipokuwa na kiti.

Sungura yule, jike la rangi ya kahawia, alikuwa amevunjika mguu wa nyuma baada ya kuruka kutoka mikononi mwa mtoto. Alipasuliwa siku iliyotangulia, na mimi ndiye niliyemshika. Daktari, mwanamke Mmarekani mwenye sauti ya chini, alimlaza usingizi, lakini juu ya usingizi huo akataka na ganzi ya mgongo, ili kiwiliwili cha nyuma kisipeleke habari yoyote kichwani wakati anaunga mfupa, na kwa saa kadhaa baada ya hapo. Manyoya ya kiunoni yalikuwa yamenyolewa. Ngozi ya chini ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu. Akaweka kidole gumba na cha kati juu ya ncha mbili za nyonga, na cha shahada akakizamisha kwenye kibonde kilicho katikati. Kwa sungura uwe mwangalifu, alisema, uti wake wa mgongo unashuka chini zaidi kuliko wa mbwa, na sindano ikizidi kidogo inaingia pasipotakiwa. Kwenye kitako cha sindano aliacha tone moja la maji, ili limwonyeshe ncha ikifika mahali pake. Sindano ikaingia taratibu, nami nikalikodolea macho lile tone, na ghafla likamezwa na sindano.

"Tumefika," akasema, akasukuma dawa polepole.

Mkia ulilegea kwanza, kisha miguu. Nilitoka mle chumbani kama mtu anayetoka ibadani. Sikuwa nimewahi kuona huruma ikifanywa kwa ustadi namna ile, kwa vipimo vidogo hivyo, kwa kiumbe ambacho kwetu huishia kwenye mchuzi.

Ganzi ingeisha jioni. Baada yake kulikuwa na sindano nyingine ya maumivu, ya chini ya ngozi, lakini daktari alikuwa na utaratibu wake. Kila baada ya saa mbili mtu asimame mbali, amtazame sungura, ajaze fomu: sifuri pasipo na dalili ya maumivu, moja ikiwepo kidogo, mbili ikiwa wazi. Alama zikifika nne, apigiwe simu, naye anakaa mtaa wa pili, aje afungue kabati la dawa. Zikiwa chini ya hapo, sindano isubiri. "Sungura hataki mtu ajue kwamba anaumwa," alituambia mimi na mama mkubwa. "Porini wanaojua ndio wanaomla."

Sasa taa imewaka, nami nimeinua taulo ili nibadilishe trei. Harufu ndiyo iliyonipokea: mkojo uliokaa, mzito, wenye ukali unaouma machoni. Sungura alikuwa amejikunja kwenye kona, tumbo amelibana sakafuni, masikio yamelala nyuma, macho yamebaki nyufa mbili. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Nyasi zilikuwa kama nilivyoziweka mwenyewe jana, hata unyasi mmoja haukuvutwa. Kwenye trei hapakuwa na kinyesi. Sungura mzima huangusha vidonge vyake mchana kutwa, na huyu hakuwa ameangusha hata kimoja. Mdomo ulikuwa umefungwa na taya linakwenda. Kra, kra. Alikuwa anasaga meno.

Nikairudia fomu. Juu ya mstari wangu palikuwa na mistari sita ya mama mkubwa, sifuri juu ya sifuri, zote zimelalia upande mmoja, zote zimeandikwa kwa mkupuo mmoja wa kalamu ambayo wino wake ulianza kufifia kwenye mstari wa nne na kuisha kwenye wa sita. Mtu hahitaji kuwa mpelelezi. Zilikuwa sifuri nzuri, za mviringo. Nikatazama zangu chini ya zake, na kilichonichefua kuliko vyote ni kwamba zilifanana.

Mama mkubwa alikuwa jikoni, anapasha chapati kwenye maikrowevu. Chumba kizima kilinukia samli na dawa ya kuua wadudu.

"Karibu chai, mwanangu. Mbona uso kama umelamba shubiri?"

"Mama mkubwa, sungura hajala tangu jana. Hajaenda haja."

"Yule? Katulia mwenyewe. Nimemwacha kalala kama mtoto aliyenyonya."

"Ulimwangalia saa ngapi?"

"Si fomu umeiona?"

"Nimeiona."

Alicheka kidogo, akapasua chapati katikati, akanisogezea kipande kwa vidole vyake. Nilikiangalia kile kipande kinavyong'aa mafuta, sikukipokea.

"Sikiliza," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Nimezaa watoto watatu Singida. Wa pili alikuja kwa miguu. Unajua nesi aliniambia nini? Kaza meno, mama, kuzaa si ugonjwa. Hakuna aliyenichoma mgongo, hakuna aliyesimama mbali akahesabu mashavu yangu. Jana kutwa nzima nimemgeuza bibi wa watu, mgongo wangu mwenyewe hauna ganzi, halafu nisimame gizani natazama masharubu ya sungura? Mwaka mzima najaza vile. Daktari akiona sifuri anafurahi, anasema vizuri sana. Hajawahi kuniuliza hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwona daktari akizipokea zile sifuri kwa tabasamu, akizibandika kwenye faili, akienda kunywa kahawa yake.

"Atakuja saa mbili," nikasema. "Nitamwambia."

"Mwambie ameanza sasa hivi. Chukua fomu mpya ya leo, andika tano, andika sita, atachomwa sindano yake, ataamka. Nani ameumia?"

Nilirudi kwa sungura na lile wazo likinifuata, na nakiri kwamba lilinipendeza. Lilikuwa rahisi na safi. Sungura angepata dawa, mama mkubwa angebaki na kazi, mimi ningebaki na sofa langu. Nilichukua hata karatasi mpya. Nikasimama mbali, kama tulivyofundishwa, nikatazama dakika tano nzima kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile. Macho, mbili. Mashavu, mbili. Pua, mbili. Masharubu, moja. Masikio, mbili. Jumla tisa, na simu sikupiga, nilingoja saa mbili ifike. Niliandika kwa kinyaa, si kwa huruma. Ningependa kusema ni huruma.

Daktari alifika na baridi yake, akamtoa sungura kizimbani, akamweka mezani, akaanza kumpapasa tumbo kwa ncha za vidole. Mama mkubwa alisimama mlangoni akifunga vifungo vya sare yake ya pili.

"Tumbo limejaa gesi, halitembei," daktari alisema. "Hali hii imeanza lini?"

Mama mkubwa akakifikia kifungo cha mwisho.

"Nahitaji kujua. Ikiwa ni saa moja, namchoma dawa na namngoja ale mwenyewe. Ikiwa ni tangu jana jioni, utumbo umeshaanza kusimama, lazima nimwekee maji na kumlisha kwa bomba sasa hivi, na huenda nimeshachelewa. Fomu inasema alikuwa anakula."

Alikuwa ananiangalia mimi. Mama mkubwa naye alikuwa ananiangalia mimi, na kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile anayoitumia akiniuliza kama nimekula, akasema, "Sema kweli yako tu, mwanangu. Usiseme ya watu."

"Tangu jana jioni," nikasema. "Hakutazamwa. Fomu yote ni ya uongo. Mstari wa mwisho ni wangu."

Daktari hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alifungua kabati, akamchoma sungura dawa ya maumivu, akamwingiza maji chini ya ngozi mpaka mgongoni kukavimba nundu, akanionyesha jinsi ya kupitisha uji wa nyasi pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano, kidogo kidogo. Uji ulikuwa wa kijani kibichi, unanuka kama kidimbwi. Ulimtoka sungura kidevuni, ukanitiririkia kiganjani mpaka kwenye mkono wa sweta. Kisha daktari akamwita mama mkubwa ofisini. Hawakukaa hata dakika kumi, na kazi yake ikaishia humo.

Saa nne kasorobo kusaga kulikoma. Macho yalifunguka, si yote, theluthi labda. Trei ilikuwa bado tupu. Daktari aliniambia hawezi kuahidi kitu, akaniambia pia kwamba nibaki mpaka mchana, na kwamba kuhusu mstari wangu tutazungumza. Akaongeza kuwa mama yule alikuwa mtu mzuri sana, hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Aliyasema hayo huku ananawa mikono, mgongo amenigeuzia, na hakuitazama ile fomu yenye sifuri ambazo mwaka mzima zilikuwa zimemfurahisha.

Kabla ya hayo, mara tu baada ya zile dakika kumi, mama mkubwa alikuwa ametoka ofisini na mfuko wake wa plastiki. Alivaa koti, akavuta zipu mpaka shingoni, akafunga kitambaa kichwani bila haraka, kama mtu aliye mbele ya kioo.

"Vitu vyako nitaviweka kwenye boksi," akaniambia. "Utavikuta kwa mlinzi wa jengo letu."

"Mama mkubwa, nisamehe."

"Nachelewa kwa bibi."

Nilikuwa nimempakata sungura ndani ya taulo, bomba la uji mkononi, na sijui ni nini kilichonisukuma kumuuliza.

"Na kule kwa bibi kuna fomu?"

"Kila mahali kuna fomu."

"Unaijazaje?"

Alitazama mkono wangu uliolowa uji, akakunja pua kama mtu aliyeona kitu kimeoza.

"Bibi hasemi tangu mwaka jana," akasema, akausukuma mlango kwa bega, na mlango ukajifunga nyuma yake.