Machicha Kwenye Kabichi Zangu

Nyuma ya nyumba yetu ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kwenye shamba la chai nje ya Kericho, nilipanda kabichi, nikazionea fahari kupita kiasi. Tulikuwa watu wa ziwani. Mume wangu alikuwa karani kiwandani, nami ndiye niliyeimbisha kanisani. Mwaka ule mvua haikukatika. Konokono wale wasio na gamba, weusi, wenye ute, walizitafuna kabichi hadi zikabaki mishipa mitupu. Niliwaokota kila asubuhi, nikamwaga majivu, mvua ikayaosha.

Jirani yangu, mama mzee wa Kikipsigis ambaye sote tulimwita kogo, yaani nyanya, alinicheka.

"Mama karani, hii kitu inapenda pombe. Weka machicha kwa kibuyu, fukia mpaka mdomo. Itakunywa, itakufa huko ndani."

Kanisa letu lilikataza pombe, hata kuinusa. Kogo mwenyewe alikuwa amevunja mitungi yake ya kupikia pombe mbele ya watu, kwa sababu Jumapili iliyofuata alikuwa abatizwe. Hayo niliyajua vizuri. Lakini nilimbembeleza akaniletee machicha kwa kaka yake, mpika pombe wa ng'ambo ya mto, maana mimi mwimbishaji ningeonekanaje nayo njiani? Akaenda. Akayaleta chini ya shuka lake.

Konokono walikufa kwa makumi, nami nikachekelea peke yangu bustanini.

Ijumaa mwalimu wa dini alipita kutusalimu. Akanusa, akainamia kibuyu.

"Haya ni ya nani?"

"Kogo ndiye aliyeyaleta," nikasema.

Ilikuwa kweli, tena nusu tu. Kogo alikuwa kwenye ua, ananitazama, anangoja nimalizie. Sikumalizia. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya ubatizo, na Jumapili nikasimama mbele nikaimbisha. Naona haya hata kuliandika jambo hili.

Kabichi zilizopona zilipofunga nilimpelekea moja, kubwa kuliko zote. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa.

"Ile maneno ingine, umeambia mwalimu?"

"Bado, kogo."

Akanirudishia, polepole, bila hasira.

"Basi kula wewe. Mimi nangoja hiyo maneno."

Alingoja kweli. Mwalimu yule alihamishwa nami sijafungua kinywa, na kogo akazikwa bila ubatizo, kwa jina alilozaliwa nalo.