Barafu ya Mama Ilipotembea

Makapi ya mpunga yakilowa yana harufu yake, kati ya mkate uliochacha na vumbi la mvua ya kwanza. Hata leo nikipita mashamba ya mpunga ya Ahero na kuikuta harufu hiyo, nairudia akilini nusu ya boti iliyokuwa ufuoni petu, nje kidogo ya Kisumu, ambamo Mama alihifadhi barafu ya samaki.

Nasema nusu kwa sababu sehemu ya mbele ilikuwa imeoza na kukatwa. Upande ule uliokatwa Mama aliuziba kwa mbao za kuchomeka, akailaza boti ikiinamia ziwani ili maji yatoke. Juu ya barafu alifunika magunia na makapi, maana makapi huzuia joto.

Wiki hiyo mjomba wake Mama alikuwa amefariki huko Pap Onditi. Mama, mtoto wa binti wa boma lile, naye ameolewa mbali, aliahidi kuleta samaki wa kulisha waombolezaji. Kwetu, binti akifika matangani na samaki walioharibika, habari hiyo huishi kuliko matanga yenyewe.

Kwa kawaida alinunua barafu kidogo asubuhi, akaichota papo hapo. Safari hii aliogopa umeme ungepotea kwenye kiwanda cha barafu, akanunua nyingi jioni. Ilikuja ikiwa vipande vyembamba kama magamba ya samaki. Tulimimina tabaka juu ya tabaka mpaka boti ikajaa pomoni, tukafunika, tukaenda kulala tumeridhika.

Asubuhi samaki wetu, mbuta na ngege, walikuwa wamelala kwenye turubai, pikapu ikisubiri, jua likianza kuuma. Mama alifunua magunia akachomeka beleshi. Ngaa! Likaruka. Magamba yetu yote yalikuwa yameshikana, yakawa jiwe moja. Akachukua mtarimbo, ukatoa unga tu.

"Mama Akinyi, hiyo ni barafu ama ni simiti?" mvuvi mmoja akauliza.

"Uliza huu mtarimbo," Mama akajibu akihema, jicho lake likiwa kwa samaki.

Jirani yetu Mama Wanjiru, muuza viazi aliyetoka upande wa Mlima Kenya, alikuwa amesimama hapo na kikombe chake cha chai. "Toa hizo mbao za chini," akasema. "Barafu ikiwa nzito hutembea. Babu yangu alituambia ile ya mlimani hutembea."

"Itatembea na miguu gani? Tuinunulie malapa?" Mama akauliza.

Ufuo wote ukacheka.

"Cheka tu. Lakini toa mbao."

Mama hakuwa na lingine la kujaribu. Alichomoa mbao. Hakuna kilichotokea, na mvuvi yule akaanza kupiga miluzi kama anayeita ng'ombe. Halafu boti ikalia, kri-i-i, na lile jiwe likasogea upana wa kidole. Likatulia. Likasogea tena, likiburuta tumboni makapi na changarawe za sakafuni mwa boti, mpaka pua yake ikaning'inia hewani, ikashindwa kujibeba, ikakatika na kuanguka vipande vya ukubwa wa vigoda. Nani alicheka tena? Tulikuwa tunabeba.

Nilipokuwa mkubwa na kufundisha jiografia, sikuhitaji mfano mwingine. Mahali pa baridi sana, theluji inayoanguka huwa nyingi kuliko inayoyeyuka. Ya mwaka huu hulala juu ya ya mwaka jana. Uzito wa juu huibana ya chini, hewa hutoka, chembe hushikana, na baada ya miaka mingi ile laini huwa barafu ngumu. Ikishakuwa nene vya kutosha, uzito wake wenyewe huisukuma kuteremka. Hutambaa kama molasi ya kiwanda cha sukari cha Muhoroni iliyomwagika, maana barafu iliyobanwa hupinda polepole bila kuvunjika. Na pale chini, utando mwembamba wa maji ya barafu iliyoyeyuka huifanya iteleze juu ya mwamba. Huo ndio mto wa barafu. Boti yetu ilikuwa bonde dogo, lenye mteremko, uzito na utelezi. Tofauti ni kwamba yetu iliteleza tu. Ya mlimani hufanya yote mawili, hupinda na huteleza.

Wanafunzi wangu hudhani jambo hili ni gumu. Nawaambia si gumu, ni la polepole.

Tulifika Pap Onditi mchana. Nyanya yangu, mama yake Mama na dada wa marehemu, alitujia akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Hakumsalimu Mama. Alipita moja kwa moja hadi kwenye pikapu, akaondoa kipande cha barafu, akafunua shavu la mbuta kwa kidole. Ndani palikuwa pekundu, hajaharibika. Akafunika. Ndipo akamshika Mama mkono, akaanza kulia.

Nilikasirika kwa niaba ya Mama: mtu gani huyu anayesalimia samaki kwanza? Nilichelewa sana kuelewa. Boma zima lilikuwa linatazama kutoka chini ya hema, na nyanya hakutaka kulia mikononi mwa binti yake kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna atakayemcheka binti huyo kwa samaki wabovu.