Bakuli la Maji Bomani

Bomani tulikuwepo Bwana Shauri, yule Mzungu msimamizi wa wilaya, karani wake, bibi jirani yangu, na mimi na mwanangu mgongoni. Ukame huu kisima cha mtaa wetu kimeharibika, watoto wanaharisha, nasi tulikwenda kuomba fedha za kukisafisha. Bibi alileta bakuli la maji ya kisima hicho.

“Mbona yanang'aa?” aliuliza Bwana Shauri. Akalipokea kwa mikono miwili, kama mgeni mwenye adabu, akataka kunywa.

Bibi alilipiga bakuli, maji yakamwagika. “Acha, baba! Una mama anayekungoja kwenu!”

“Umemlowesha Bwana!” karani alifoka.

“Heri alowe kuliko azikwe.”

Nilidhani fedha tumezikosa. Barazani watu huapa ili waaminiwe. Bibi yeye alimwaga maji, na Bwana Shauri akamwamini. Ombi lilipelekwa Dar es Salaam wiki ile ile, na jibu bado halijarudi.