Mstari Kwenye Jagi

Matangani, wifi yangu alisimama mlangoni pa jikoni akasema, kwa sauti ya kuwafikia hata wanaume walioketi nje, kwamba kaka yake amekufa na kiu yake. Wanawake wakanigeukia. Nilikuwa naosha vikombe, nikaendelea kuosha. Sasa nasema mimi.

Mume wangu alikuwa seremala wa vitanda. Mtaani walimwita Chaga, kwa sababu hakuuza kitanda kabla ya kulala juu ya chaga zake na kujigeuza huku na huku. "Kitanda kikilia," aliwaambia wateja, "majirani watajua mambo yenu yote." Akipiga randa kidogo alisimama, akafumba jicho moja, akautazama ubao kama umenyooka. Miaka nenda rudi nilidhani ni umakini wa kazi. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

Daktari alituambia homa ya utotoni ndiyo iliyomharibia moyo. Ndani mna kitu kama mlango mdogo, na wa kwake ulikuwa haufungi. Wakampasua kifua, wakamwekea mwingine.

"Bawaba zake imara?" mume wangu akauliza.

"Kuliko za milango yako, fundi," daktari akamjibu.

Siku ya kutoka hospitali, mimi ndiye niliyepewa maelezo. Moyo uliotoka kupasuliwa hauwezi kubeba maji mengi. Ukielemewa unatanuka, na ukitanuka unatoa kitu kwenye damu. Wao hukipima kitu hicho, wakajua moyo unavyoteseka hata kama mwenyewe anasema hajambo. "Chumvi kidogo, mama, na maji kwa kipimo. Atakuomba sana. Usimwonee huruma."

Mume wangu mwenyewe alikwaruza mstari kwa msumari kwenye jagi la plastiki. Maji yake ya kutwa, na chai humo humo, yasipite hapo. "Mwenzenu nimefungiwa mita ya maji mdomoni," aliwaambia waliokuja kumpa pole. Wakiondoka, alilamba midomo na kulitazama jagi. Nilikuwa nageuka ukutani nisimwone.

Lakini kile kitu kwenye damu kilishuka. Waliompiga picha ya moyo walinionyesha moyo wenyewe kwenye kioo cha mashine, ukifumba na kufumbua kama ngumi. Unasukuma, walisema. Nilirudi nyumbani kama niliyepewa mume mpya.

Ndipo wifi akaja. Alimkuta amekauka midomo, akanyanyua jagi na kuligeuza mkononi.

"Wewe mwanamke, huyu ni mgonjwa au mfungwa? Maji! Maji ya bomba unamnyima?"

"Daktari ndiye aliyesema, wifi."

"Daktari alisema umkaushe kama dagaa?"

Wakaja ndugu zake wote, na mama mkwe akilia. Wakasema akapumzike kwao. Nilimtazama mume wangu, nikangoja aseme neno moja tu la kunitetea. Aliinamisha kichwa. "Acha niende kidogo, mama watoto," alisema. "Nina kiu."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko yote ya wifi.

Kwa wifi alipewa juisi, supu, na maji kila alipogeuza shingo. Nilipokwenda kumwona, mashavu yalikuwa yamejaa na miguu inang'aa. "Umeona alivyonenepa?" wifi alijitapa. "Kwako alikuwa mifupa." Nikabonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Nikasema haya si mafuta, ni maji. Walicheka. Wifi akasema wivu umenipanda, sasa naonea wivu hata miguu.

Siku ya kliniki kile kitu kwenye damu kilikuwa kimepanda vibaya, na kwenye picha ile ngumi haifumbi tena. Daktari akauliza kwa hasira, "Nani anamtunza huyu?"

Wifi akaninyooshea kidole. "Mkewe huyu hapa."

Nikafungua mdomo. Mume wangu akanishika ukingo wa khanga, akautikisa. Hakutaka tugombane juu yake. Nikameza. Daktari alinisema mbele ya watu wote, nami nikatazama sakafu.

Walimlaza. Alihema akiwa ameketi, ameegemea mito. Dawa za kutoa maji zilishindwa, figo nazo zikachoka. Daktari akaniita kwenye korido, safari hii kwa upole. "Mpe anachotaka, mama."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Nikajaza kikombe mpaka juu. Wifi alinyoosha mkono ampe yeye, nikampita kwa bega. Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili. Akayatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Kizima?"

"Kizima."

"Daktari kasema?"

Niliitikia kwa kichwa tu.

Alikiegemeza kikombe kifuani, pale waliposhona. Halafu akanirudishia taratibu, tone lisimwagike.

"Kiweke hapo, mama watoto. Kiu imekatika."

Nikakiweka kwenye meza ya kitanda. Walipokuja kumfunika shuka kilikuwa bado kimejaa, na wifi akakiona. Hicho ndicho kikombe anachowasimulia watu.