Shayiri Kwenye Midomo ya Mashimo

Misimu mitatu mfululizo Verna Tollefson alipanda mnara wake wa mbao kabla ya jua kuchomoza, akakaa na darubini na daftari mpaka vijibwa waingie kulala. Vijibwa hao ni jamii ya kindi, wanene kama sungura, huishi mashimoni kwa mamia. Jina wamelipata kwa kubweka. Mtafiti aliyewatia namba ubavuni kwa rangi nyeusi ya nywele alimwachia kazi: aandike nani kabweka wa kwanza, na adui gani kabwekewa. Mwewe, mbweha, nyoka. Verna mwenyewe hakuwemo katika orodha hiyo ya maadui. Ilimchukua mwaka na nusu wa kukaa kimya ndipo wakaacha kumbwekea, na tangu afiwe na Halvor, mumewe, hakuwa na jambo jingine la kujivunia.

Majirani walimchukia kwa hilo. Akiingia dukani, wanawake wananyamaza. Nyasi wanazokula vijibwa ni za ng'ombe, na huko South Dakota anayewalinda ni kama mtu anayefuga kupe.

Asubuhi moja ya Oktoba akaona kila mdomo wa shimo umewekwa shayiri, kijiko kimoja kimoja. Alijua maana yake. Hata Halvor zamani alifanya hivyo: siku tatu shayiri safi, wazoee, siku ya nne yenye sumu. Wasipozoeshwa kwanza, hunusa sumu wakaiacha.

Orrin, mdogo wake Halvor, alikuwa ameegemea pikapu yake penye ua wa waya.

"Shuka, shemeji, utaota mbawa huko juu!"

"Toa shayiri yako, Orrin."

"Nitoe? Ndama wangu kavunjika mguu kwenye shimo la hao wanao. Nimempiga risasi kwa mkono wangu. Hilo uliliandika?"

"Hii ardhi ni ya Halvor."

"Na malisho aliniandikia mimi, pamoja na haki ya kuyasafisha. Kasome." Akatema mate ya tumbaku. "Ungemwangalia kaka yangu kama unavyowaangalia hao panya, labda angekuwepo."

Verna akatupa macho bondeni. Kuiokota shayiri haikuwezekana. Mashimo yalipita mia sita na upepo ulishaitawanya. Kilichobaki ni kuwazuia wasitoke kuila, wasije wakaizoea.

Akashuka, akaenda nyumbani kuchukua sufuria na mwiko. Alipogonga, wote wakazama, ila Arobaini na Saba, jike mzee mwenye namba hiyo ubavuni. Huyo alisimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, anamtazama tu. Verna akapiga kelele. Hakwenda. Verna akaokota bonge la udongo, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likampata begani.

"Ingia ndani! Mjinga wewe, ingia!"

Akazama. Kisha akaanza kubweka humo humo shimoni, na bonde zima likaitikia.

Siku tatu Verna alizunguka hivyo, alfajiri hadi giza, mpaka bega likavimba. Orrin akipita alipiga honi.

"Gonga, shemeji, gonga! Njaa itawatoa tu!"

Siku ya nne Orrin akamwaga ya sumu. Ya tano akarudi, akaipekua kwa buti. Shayiri ilikuwa pale pale, imelowa mvua ya usiku.

"Saba! Wamekufa saba tu! Theluji hiyo inakuja, umenipotezea msimu mzima, mwanamke wewe!"

"Rudi mwakani."

"Nitarudi. Na usinisalimie popote." Akafungua mlango wa pikapu, akasita, akasikiliza kelele za bondeni. Akacheka kwa dharau. "Haya, sikia. Ni wewe unayebwekewa. Miaka mitatu bure, shemeji!"

Kesho yake Verna akapanda mnara. Hakuwa ameketi bado vijibwa walipoanza kubweka. Hakukuwa na mwewe angani wala mbweha nyasini. Akafungua daftari, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akaandika: saa moja na dakika kumi. Aliyebweka wa kwanza, Arobaini na Saba. Penye nafasi ya adui akaandika jina lake.